Mguu Niliouvunja kwa Kalamu

Nyemo mwanangu,

Ukiuona mwandiko huu utadhani ni orodha ya misumari. Siyo. Ni baba yako, nimekaa kitako naandika kitu kisichohusu bati wala mbao, jambo ambalo halijatokea tangu mwalimu wangu wa Kiswahili aniambie nina kipaji cha kujaza ukurasa bila kusema lolote. Mwalimu yule alikuwa na wivu tu.

Wewe na shangazi yako bado mko sokoni Majengo mnatafuta ndoo, neti na shuka. Jua liko juu, kuku wamejibanza chini ya toroli, na mimi nimechukua daftari lako la zamani la Jiografia, nimechana kurasa za katikati. Mambo ya sabuni, kufuli na kushika mkoba kwenye foleni ya chakula sitakuandikia. Shangazi yako amekuhubiria hayo wiki nzima, tena kwa sauti ambayo hata treni ikipita hapa Zuzu haiizidi. Mimi nina mengine, na mengi ni machungu. Ukitaka kuyasoma umesimama, simama.

Nianze na shikamoo yako. Leo ni siku ya kumi na sita unaniamkia kila asubuhi, "Shikamoo baba," nami najibu, "Marahaba mwanangu," halafu basi. Unaenda zako jikoni kama mtu aliyeshalipa ushuru wa siku. Siku nyingine nimetamani uninyime hata hiyo shikamoo, nipate sababu ya kukugombeza, tugombane kama watu, yaishe. Lakini hunyimi. Una adabu. Na hapo nitajisifu kidogo, maana adabu hiyo nilikufundisha mimi mwenyewe, sikujua kama siku moja utanichapa nayo.

Unajua mimi nilivyo. Ukinitaja kijiweni wanajua: Yona fundi, nyumba nilizoezeka hapa Dodoma hazivuji, na zikivuja ujue mwenye nyumba alinunua bati za magendo. Niliposikia umechaguliwa chuo, na chuo chenyewe kiko hapahapa, sikulala na furaha kitandani tu, nilitembea nayo. Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia hata yule bubu anayeuza mkaa. Na kichwani nilikuwa nimeshakupangia maisha yote: asubuhi bajaji, mjini unaunganisha gari, jioni unarudi unakuta ugali wangu wa uwele na mlenda, unanisomea ulichojifunza, mimi nakukosoa.

Halafu ikaja ile barua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima aishi ndani ya chuo, awe ametoka Kigoma au ametoka nyuma ya ukuta wa chuo chenyewe. Uliisoma unacheka. Mimi niliisoma mara tatu sicheki.

Kijiweni nilisema sheria ile imetungwa na watu wasio na watoto. Nilisema wanataka kuwafungia watoto wetu geti kama mbuzi, wawakataze hata kuchemsha chai chumbani. Walinipigia makofi. Lakini nilijua ninasema uongo, Nyemo. Mimi ndiye niliyepiga plasta vyumba vya kupangisha wanafunzi kule mitaani. Nimegawa chumba kimoja kwa ubao kikawa viwili, upande mmoja ukapata dirisha, upande wa pili ukapata ahadi ya dirisha. Nimewaona mabinti wa mwaka wa kwanza kutoka mikoa ya mbali wakiingia mle na begi moja, hawamjui jirani, hawajui hata hospitali iko wapi. Mmoja aliwahi kuniuliza mimi, mtu mwenye saruji hadi kwenye nyusi, kama ninajua mahali pa kusali, kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza kumsalimia siku ile. Kwa hiyo najua sheria ile ina maana yake. Ilinikera kwa sababu moja: ilikuwa inakuchukua wewe.

Chini ya barua kulikuwa na mstari mdogo. Anayeuguza mzazi nyumbani anaweza kuomba ruhusa, alete barua ya mzazi huyo na mashahidi wawili. Wewe hukuuona. Mimi macho yangu yamezoea kutafuta ufa.

Hapo ndipo nilipouvunja mguu. Niliuvunja kwa kalamu, mguu wa kulia, sehemu mbili, chini ya goti na kwenye kifundo. Nikaandika kwamba siwezi kuteka maji wala kupika, na binti yangu ndiye mikono yangu na miguu yangu. Maneno mazuri kweli, hata mimi nilijionea huruma. Mashahidi nikawapata palepale kijiweni, Mzee Chiku na yule kinyozi.

"Yona, mbona mguu mmoja tu?" kinyozi akasema huku anasaini. "Vunja yote miwili wapate uchungu."

"Sasa nitaipelekaje hiyo barua?"

Tulicheka hadi Mzee Chiku akapaliwa na kahawa. Nimelikumbuka cheko lile sana siku hizi kumi na sita.

Siku waliyokuja kuhakiki ulikuwa uani unafua, kwa hiyo mwanzo wake hukuuona, ngoja nikupe. Nilikuwa juu ya jiko la jirani yetu Mama Joshua, nimepanda kenchi ya paa, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Bodaboda ikasimama. Akashuka dada mmoja mdogo tu, kilemba cha kijani, faili kwapani.

"Shikamoo mzee."

Nikatema misumari. "Marahaba binti. Karibu."

"Asante. Naulizia kwa mzee Yona, mgonjwa wa mguu."

Mwanangu, mdomo wangu unapenda sana jina langu. Kabla akili haijafika, mdomo umeshasema, "Ndiye mimi!"

Akanitazama. Akatazama ngazi. Akatazama kenchi. "Pole sana mzee. Ni mguu upi unaokusumbua, huo uliokanyaga mbao au huo unaoning'inia?"

Nikashuka. Nilishuka vizuri, kama paka, ndiyo tabu yenyewe. Nilipofika chini nikakumbuka kwamba ninaumwa, nikaanza kuchechemea. Ndipo wewe ukatokea na beseni la nguo. Yule dada akafungua faili, akasoma, akasema kwa upole ambao ni mbaya kuliko tusi: "Barua inasema mguu wa kulia, mzee. Unachechemea wa kushoto."

Niliuona uso wako. Hukuwa umejua chochote kuhusu barua ile. Ulisimama na beseni, maji yanadondoka miguuni kwako, ukasikia jina lako likisomwa ndani ya uongo wangu, namba yako ya udahili na kila kitu. Nilitaka useme neno. Ulisema tu, "Karibu ndani dada, nikuletee maji ya kunywa."

Alipoondoka alituambia kitu rahisi. Jina lako limesimamishwa kwenye orodha ya vitanda hadi mzazi aende ofisini kwao mwenyewe, kwa miguu yake hiyo mizima, afute barua yake kwa maandishi. Akishafuta, unapewa kitanda, yameisha. Wala hakunitisha na polisi. Aliniambia, "Mzee, njoo mapema, vitanda vinaisha."

Na mimi nikasema nitaenda kesho.

Hilo "kesho" ndilo linalonitafuna kuliko mguu. Mguu ulikuwa upumbavu wa siku moja, lakini kesho nilizisema siku tisa, moja moja, kila moja nikiwa nimekutazama machoni. Ulikuwa unaniuliza asubuhi, "Baba, leo utaenda?" nami nina jibu: kuna saiti, kuna mvua, leo ofisi hazifunguliwi vizuri. Jioni niko kijiweni nawasimulia habari ya yule dada na ule mguu wa kushoto, tena naigiza, nachechemea mbele yao. Nilikuwa nimeshaifanya aibu yako kuwa kichekesho changu. Watu walikuwa wanakuja kutoka mtaa wa pili kusikiliza.

Siku ya kumi ulienda mwenyewe. Ukarudi ukaniambia kitanda chako amepewa mwingine. Ukaketi pale kwenye kigoda, ukaniuliza bila kupandisha sauti, "Baba, ulitaka nibaki kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Nami nikajibu, "Kwa ajili ya kuku. Nani atawalisha?"

Hukucheka. Tangu siku hiyo ni shikamoo tu.

Mama yako alipata habari huko kwao Chemba, sijui nani alimpigia, nadhani shangazi yako mdomo wazi. Akanipigia. "Yona," akasema, "umeacha mguu mzima ukavunja kitanda cha mtoto." Kisha akahamia kwenye lugha yao, yale maneno ya kugonga ulimi. Kwa miaka yote niliyoishi naye nilijifunza maneno mawili tu ya lugha ile, maji na mjinga. Siku ile maji sikuyasikia.

Kwa hiyo kesho unaingia chuo ambacho sheria yake inasema lazima ulale ndani, na ndani huna pa kulala. Najua mpango wenu, shangazi amenieleza. Asha, yule binti wa Kondoa mliyemaliza naye kidato cha sita, ana kitanda, na atakubeba. Nilidhani kubebana ni mambo ya bodaboda. Kumbe huko kwenu ni kulala wawili kitanda cha mmoja, mmoja jina lake liko kwenye orodha ya mlangoni na mwingine halipo, na huyo ambaye halipo anatembea kwa vidole, anaoga mwisho, anakunja shuka zake asubuhi ili chumba kisionekane kimejaa. Wewe uliyepata alama zile. Wewe niliyekutangaza hadi kwa bubu.

Sasa kuna jambo sijawahi kukwambia, wala mama yako sikumwambia, na nadhani ndilo lililoushika mkono wangu nilipokuwa naandika ule uongo.

Unajua hadithi ya jinsi nilivyofukuzwa shule. Nimekusimulia mara mia: kiranja mkuu alinitukania mama, nikamtandika ngumi moja, jino likaruka, mwalimu mkuu akanifukuza, nikaondoka kifua mbele. Ukiwa darasa la nne uliiandika kwenye insha, mwalimu wako akaniita. Nyemo, sikumpiga mtu. Kiranja mkuu alikuwa na mikono kama mapaja yangu. Mimi sikufukuzwa kabisa. Nilitoroka.

Ilikuwa shule ya bweni, mbali na kwetu. Vitanda vya ghorofa, watu thelathini chumba kimoja, nami nikapewa cha juu. Kiswahili changu kilikuwa bado kina Kigogo kingi, nikisema neno bweni zima linalirudia kama wimbo. Nikaacha kusema. Na kwa hofu, sijui kwa baridi, sijui kwa nini, nikaanza kukojoa kitandani, mvulana wa kidato cha pili mwenye ndevu mbili. Kila asubuhi nilikuwa nabeba godoro langu kupitia uwanja wa paredi kwenda kulianika juani, na shule nzima imepanga mistari inanitazama. Bado ninaijua ile njia, hatua kwa hatua.

Aliyelala chini yangu aliitwa Hamisi. Asubuhi moja alinifuata kule nilikoanika godoro akaniambia, taratibu, asisikike, "Tubadilishane. Lala chini, uwe unatoka upesi. Mimi nitapanda juu." Hakucheka. Alikuwa amelowana mara ngapi kwa ajili yangu, sijui. Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, "Nani kakwambia nina shida? Kalale na shida zako." Nikamsukuma. Jumamosi iliyofuata nikadandia lori la alizeti nikarudi kwetu.

Babu yako aliniuliza kimetokea nini. Nikamwambia nimempiga kiranja. Alinitazama, akatabasamu, akasema huyu ni mwanaume, akanichinjia jogoo. Ule mchuzi nimeuishi miaka yote hii. Niliona kwamba uongo wenye kichekesho au ngumi ndani yake unalishwa nyama, na ukweli ungenipatia fimbo. Nikachagua, nikawa Yona huyu unayemjua, anayependwa kijiweni.

Kwa hiyo nilipoisoma barua yako ya chuo, sikuona chuo. Niliona bweni, nikaona godoro. Nikajiambia ninakukinga. Hilo ndilo nililojiambia kwa siku za mwanzo, na nusu yake ni kweli. Lakini wewe si mimi. Wewe ukipewa watu thelathini, wiki ya pili unajua majina yao na ya mama zao. Hukuhitaji kukingwa. Mtu aliyeshindwa kulala na wenzake thelathini sasa ni mtu mzima anayeogopa kulala nyumba yenye vyumba viwili peke yake. Ukiangalia vizuri, hicho ndicho kichekesho chenyewe, na sijakipeleka kijiweni.

Habari ya Asha. Sina haki ya kukushauri, lakini mdomo wangu huu haujawahi kungoja haki. Atakapokusogezea nafasi ukutani, lala. Usimfanyie nilichomfanyia Hamisi. Najua una kiburi changu, umekificha tu ndani ya adabu. Utataka kumwambia hapana, utakaa kwenye kiti hadi asubuhi, utajidai unasoma. Lala. Anayekubeba naye anakosa usingizi, naye mguu wake unaning'inia nje, na hajakuambia. Mpe chai siku unayoweza. Na siku ukipata kitanda chako akatokea binti mwingine aliyeharibiwa jina lake na baba mwingine mcheshi, msogezee.

Kuhusu ucheshi wenyewe, una kipaji, nakiona, juzi ulimwigiza shangazi hadi nikajificha nicheke. Mtu akikuuliza swali la kweli usimpe kichekesho. Hilo tu. Mimi nimewapa watu vichekesho badala ya majibu tangu nina ndevu mbili, na mama yako alipochoka kuvipokea alibeba nguo zake asubuhi kweupe, akipita katikati ya watu waliokuwa wanacheka na mimi.

Leo asubuhi niliwaambia naenda saiti. Sikwenda saiti. Nilivaa lile shati langu la kanisani nikaenda huko ofisini. Kulikuwa na foleni ya wazazi, kila mmoja anamsifu mtoto wake, na unajua mimi foleni ya kusifu huwa naimaliza. Nilinyamaza. Kidogo nife.

Yule dada wa kilemba alinitambua hata kabla sijaketi. "Mzee Yona! Mguu?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Nikasema, "Ulikuwa mzima tangu mwanzo, binti yangu. Nimekuja kufuta."

Hakucheka wala hakunisuta. Akanipa karatasi niandike ninachofuta na sababu yake. Nikajaza upande mzima. Nilieleza habari ya sheria, ya umbali, ya bajaji, ya ugali wa uwele, jinsi nilivyokulea. Akasoma yote, maskini, kwa subira, akanirudishia.

"Hii ni hadithi, mzee. Nzuri. Mimi naomba sababu."

Akanipa karatasi ya pili. Nikaandika: mapenzi ya mzazi. Akaitazama, akaonyesha kwa kalamu ile foleni iliyokuwa nyuma yangu. "Hao wote wanapenda watoto wao, mzee wangu. Hakuna aliyevunja mguu."

Karatasi ya tatu nilikaa nayo sana. Watu walinipita wakahudumiwa. Nilipoipeleka ilikuwa na mistari miwili. Aliisoma, akagonga muhuri, akatoa nakala mbili, moja akaweka kwenye faili lako.

Usije ukadhani nimekuletea kitanda. Sikukipata. Nilimwomba, nikambembeleza, nikasema niko tayari kuwaezekea paa lolote. Vitanda vimekwisha kweli. Jina lako limerudi kwenye orodha, lakini chini kabisa, nyuma ya wengine wote, na utangoja hadi mtu ahame au aache chuo. Huenda ukabebwa muhula mzima. Hilo ni langu, na hakuna mstari mdogo chini ya karatasi wa kuniondoa.

Najua kesho hutaki nikusindikize hadi getini. Hukuniambia, ulimwambia shangazi, naye akaniambia huku anajidai ananificha. Sawa. Nitabaki hapa. Sitakuja huko chuoni hadi uniite, na usiponiita muhula huu sitapeleka malalamiko kwa mtu, hata kijiweni. Nikuambie tu kwamba lile swali lako la kwenye kigoda, ambalo nililijibu kwa kuku, leo nimelijibu vizuri, ila nimemjibu mtu asiye wewe kwa sababu alikuwa na muhuri na alininyang'anya hadithi mbili.

Nakala nimeikunja humu ndani ya barua. Mstari wa kwanza unasema sikutaka aondoke. Wa pili unasema niliogopa kubaki peke yangu. Hayo ndiyo yote, na jina langu kamili chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri.

Ukiona hasira, ichane. Ofisini wana yao.

Baba yako,
Yona